Mbwa Asiyebweka Kwenye Mashua ya Shangazi

6 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe ni mzima na mashua nayo haijavuja popote. Sisi huku hatujambo. Baba yuko palepale kiwandani, anachapa kadi za mialiko ya harusi za watu asiowajua, na kila jioni anarudi na wino kwenye kucha. Mguu wa Mama umepungua uvimbe. Anasema umesahau mtandio wako hapa na kwamba ukichelewa kuufuata utakuta ameuzoea.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu uondoke na Karanga. Barua hii nimeiandika mara tatu. Mbili nilizichana kwa sababu zilikuwa na maswali matupu. Hii nayo ina maswali, naomba unisamehe. Je, anatapika? Nimesoma kwamba mbwa huumwa na mawimbi kama watu. Anajisaidia wapi? Tafadhali usimruhusu anywe maji ya chumvi hata akikuangalia kwa huruma. Ana macho ya kuhurumiwa lakini mara nyingi hana shida yoyote.

Kuna jambo sikupata nafasi ya kukueleza ulipokuja kumchukua, maana siku zile mbili uliongea wewe tu kuanzia chai ya asubuhi mpaka tunazima taa, na mimi unanijua. Karanga habweki. Si bubu, ni mimi nilimfundisha. Nyumba yetu hairuhusu wanyama na ngazi zinapeleka kila sauti kwa mama mwenye nyumba. Kwa hiyo akisikia mtu anapanda, anakuja kunigusa goti kwa pua. Mguso mmoja maana yake kuna mtu anapita. Miguso miwili maana yake anakuja kwetu, na baada ya hapo anatazama upande sauti inakotoka. Mimi namwingiza chini ya kitanda. Tuliishi hivyo miezi kumi na moja bila mtu kujua.

Mpaka siku mama mwenye nyumba alipokuja kuangalia bomba la jikoni. Baba alikuwa anapanda ngazi. Karanga akatoka chini ya kitanda kwa heshima zote, akamwendea mama mwenye nyumba na kumgusa goti mara mbili, kumpa taarifa kwamba kuna mtu anakuja. Unajua yaliyofuata. Usingemchukua wewe, sijui angekuwa wapi leo.

Ulisema utakaa naye mpaka nipate mahali panapokubali mbwa. Naliandika hapa ili tusilisahau sote wawili: mpaka nipate mahali. Shule nimemaliza, sasa natafuta kazi.

Juzi nilimwambia mwenzangu tuliyesoma naye kwamba shangazi yangu anaishi kwenye mashua peke yake na kushona matanga bandari hadi bandari. Alisema namdanganya. Sikujua jinsi ya kubishana naye, lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa fahari.

Mwanao,
Mnong'ono


29 Machi

Mnong'ono wangu,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeikuta ofisi ya gati imekaa siku tisa, imewekewa kikombe juu, ndiyo maana ina duara la chai kwenye bahasha. Nimefurahi kusikia mguu wa mama yako umetulia. Mwambie mtandio ni wake, alikuwa akiutazama sana.

Haya, mheshimiwa Karanga. Siku ya kwanza alisimama katikati ya mashua miguu minne imekakamaa kama meza, akakataa kusogea mbele wala nyuma. Siku ya pili alitapika. Lakini ni mbwa mstaarabu, alitapika ndani ya kopo la nta ninayopaka uzi wangu. Kopo zima. Siku ya tatu mawimbi yalikuwa makubwa zaidi na yeye akala chakula chake na nusu ya changu.

Kujisaidia ndiko kulikotaka kutuua. Alijibana saa ishirini na sita, mwanangu! Tumbo likaanza kuniuma mimi kwa niaba yake. Nikamtandikia kipande cha zulia kuukuu kule mbele karibu na nanga, nikamwonyesha kwa adabu. Alinitazama kama nimemwambia akojoe sebuleni mbele ya wakwe. Mwishowe nikalibeba zulia mpaka ufukweni, nikaliburuta pale mbwa wenzake wanapokojoa, nikalirudisha na harufu zao. Akanusa, akafikiri, akakubali. Nilimpigia makofi mpaka watu wa mashua ya jirani wakadhani nimeshinda bahati nasibu.

Nimezungusha wavu ukingo mzima asije akateleza. Nimemshonea jaketi la kuelea kwa tanga bovu la rangi ya machungwa, lina mshikio mgongoni kama mkoba. Akianguka namwopoa kama mtu anayetoka sokoni. Mpaka sasa ameanguka mara moja, na alipotoka majini alijikung'uta juu ya tanga la mteja.

Hilo la kugusa goti nilidhani ni tabia mbaya. Mara ya kwanza nilimsukuma, nikamwambia, "Hebu niache, nina kazi." Akarudi. Nikamsukuma tena. Akarudi tena, akagusa mara mbili, akageuza kichwa. Nikatazama anakotazama. Kulikuwa na boti ya mizigo nyuma yetu, karibu kuliko ninavyopenda.

Jambo hilo umelifundisha vizuri sana. Sijui kama wewe mwenyewe unajua umelifundisha vizuri kiasi gani.

Shangazi yako


22 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako tuliisoma mezani. Mama alicheka pale kwenye zulia mpaka akashika mbavu. Baba hakucheka sana. Alisema, "Mwanamke wa umri wake anaburuta zulia la mkojo ufukweni. Lini atashuka chini akakae kama watu?" Lakini aliniomba nisome tena hapo pa tanga la mteja.

Nimepata kazi. Ni kwa dobi, duka kubwa lenye mashine sita, tunafua shuka za hoteli na makoti ya madaktari. Mimi napiga pasi kule nyuma. Bosi wetu ni mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, wafanyakazi wanamwita Pasi Moto, ila si mbele yake. Siku ya usaili aliniinamia mara tatu ili asikie ninachosema, kisha akasema, "Wewe mtoto, nikikuweka kaunta wateja watadhani duka limefungwa." Wote walicheka. Mimi nilifurahi kupelekwa nyuma.

Feni ya dari ikipuliza shuka kubwa, inajaa hewa na kunivuta mikono. Hapo nakufikiria wewe. Shuka moja inanisumbua hivi, na wewe unashika tanga zima na bahari chini yake.

Nimekupigia simu mara nne. Inaita mpaka inakatika. Nilitaka tu unishikie simu sikioni mwa Karanga nimsalimie. Ni upuuzi, najua.

Mwanao,
Mnong'ono


2 Juni

Mnong'ono wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikaa wiki tatu bandari moja, kuna mzee ana mashua tatu na matanga yake yote yameliwa na panya. Hongera kwa kazi! Huyo Pasi Moto nampenda kabla sijamwona. Simu yangu iliingia maji. Tuandikiane tu, barua ina raha yake.

Karanga sasa ni baharia. Anajua kulala upande mashua inakoinamia, ili asibiringike. Jua likichoma sakafu anatafuta kivuli cha tanga na kuhama nacho, akijikokota kidogo kidogo mchana kutwa kama mshale wa saa. Nimemzoesha kukanyaga godoro la majani kwa sababu mbao zikipata moto zinaunguza nyayo zake. Nikisema "nanga" anakwenda mbele na kukaa kwenye zulia lake, kwa kuwa anajua nanga ikishuka naye ana shughuli zake.

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye ukungu. Alinigusa mara mbili, akatazama kulia. Nikageuza usukani. Meli ikapita. Mbwa hodari. Ni hayo tu.

Nataka kukuuliza kitu. Ilikuchukua muda gani kumfundisha? Ulianza naye akiwa na umri gani? Je, mbwa mwingine anaweza kufundishwa vilevile, hata mkubwa, hata na mtu asiye na subira kama yako? Kuna watu hapa bandarini wangependa kujua.

Wasalimie wote. Kaka yangu mwambie nitashuka chini siku bahari itakapokauka.

Shangazi yako


25 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wote hatujambo. Baba amepata miwani mipya na sasa anaona makosa kwenye kila kadi anayochapa, hata zile za zamani zilizoko kabatini.

Kuhusu swali la watu wa bandarini: ilinichukua miezi mitano. Nilianza Karanga akiwa na wiki tisa. Nilikuwa nakaa sakafuni kimya, Mama anatembea ngazini, na kila Karanga alipoinua masikio nilimpa kipande cha mkate gotini. Siri ni kukaa kimya muda mrefu bila kuchoka. Kwangu hilo halikuwa kazi. Mbwa mkubwa anaweza pia, nadhani, lakini atachukua mwaka.

Sasa habari yenyewe. Shangazi, nimepata mahali!

Nyuma ya duka la dobi kuna chumba alichokuwa akilala mlinzi wa zamani. Pasi Moto alisema naweza kukaa hapo, niwe nafungua duka asubuhi kabla wengine hawajafika. Nilikaa siku mbili nikijipa moyo, siku ya tatu nikamfuata ofisini nikamwambia nina mbwa. Akauliza, "Anabweka?" Nikasema hapana. "Sasa huyo ni mbwa wa kazi gani?" Nikamweleza habari ya goti na ya mama mwenye nyumba. Alicheka mpaka akakalia kapu la shuka. Akasema, "Haya mlete, mradi asikanyage nguo za watu. Na usiku akikugusa mara mbili, usinong'one. Piga kelele."

Kwa hiyo namwomba Karanga arudi. Nimekipima chumba: kutoka mlangoni mpaka dirishani ni hatua zangu tano, na za Karanga nadhani kumi na mbili. Dirisha ni la chini, ataweza kutazama nje bila kupanda kitu. Niambie tu utapita bandari yetu lini, nitaomba ruhusa kazini nije.

Asante sana kwa kumtunza. Hakuna mtu mwingine ambaye angeburuta zulia.

Mwanao,
Mnong'ono


30 Julai

Mnong'ono,

Nimepata barua yako. Hongera kwa chumba. Mimi na Karanga hatujambo. Kazi zimenibana na upepo wa huku haujatulia, nadhani mwezi huu haitawezekana kuja. Tuone mwezi ujao au ule mwingine. Karanga anakula vizuri.

Wasalimie.

Shangazi


14 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima.

Barua yako ilikuwa na mistari mitano. Hukunitania hata mara moja. Nimeisoma mara nyingi nikijaribu kujua nimekukosea nini. Halafu nikaanza kufikiri pengine hutaki kumrudisha, na hilo liliniuma kwa sababu sijawahi kukuona ukivunja neno lako.

Nikatoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Ulisema simu yako iliingia maji. Lakini kila nilipopiga, hata baada ya barua hiyo, ilikuwa inaita, Shangazi. Simu iliyoingia maji haiiti.

Juzi nilipiga simu ofisi ya gati ya hapo ulipo. Unajua mimi hata muuza mkate siwezi kumwita arudishe chenji. Niliandika maneno kwenye karatasi kwanza, nikayasoma. Karani aliyepokea akasema, "Ongea kwa nguvu mama, upepo." Nikaongea kwa nguvu. Nikasema namtafuta fundi wa matanga mwenye mbwa.

Akasema, "Aaa, yule mama wa jaketi la machungwa! Namwona hapo nje anashona. Nimpe ujumbe gani?"

Nikasema, "Naomba umwite tu aje kwenye simu."

Akacheka. Si kwa ubaya. Akasema, "Wewe ni jamaa yake wa mbali, eh? Huyo humwiti. Ukimwita utaita mpaka kesho. Mpaka umwendee mbele umpungie mkono. Au ukanyage gati kwa nguvu, mbwa akusikie, mbwa amwambie. Hapa sote tunaongea na mbwa kwanza." Kisha akauliza, "Kwani nyumbani hamjui?"

Nikasema tunajua. Nikamshukuru nikakata simu. Ni uongo wangu wa kwanza kwa mtu nisiyemjua.

Baba sijamwambia. Nimekaa na jambo hili siku mbili chumbani mwangu na sijui nilifanye nini. Tafadhali niambie wewe mwenyewe.

Mnong'ono


27 Agosti

Mwanangu,

Nilipoisoma barua yako nilikasirika. Nilimkasirikia karani, nikakukasirikia na wewe. Nilishona tanga zima kwa hasira, na mshono ukatoka umenyooka ajabu. Sasa nimetulia.

Ni kweli. Ilianza na ile homa ya mwaka juzi. Sikio la kushoto liliondoka kwanza, la kulia likafuata taratibu, kama mtu anayeaga wageni mlangoni. Daktari alisema hayatarudi. Nilipokuja kwenu Februari nilikuwa bado nasikia mlango ukibamizwa, basi. Niliongea bila kupumua siku mbili ili mtu asinipe swali nikashindwa kulijibu. Wewe peke yako nilikuelewa. Kwa kuwa unanong'ona, tangu mdogo nimezoea kuitazama midomo yako.

Karanga sikumchukua kwa ajili ya hilo. Naomba uamini. Nilimchukua kwa sababu ulikuwa umesimama ngazini na sanduku lake la kulalia mikononi, huombi kitu, machozi yanadondoka tu. Sikujua ananipa nini.

Ule ukungu nilikudokezea kidogo tu. Sikuwa naona ncha ya mashua yangu mwenyewe. Mtu mwenye masikio angesikia honi ya meli, angesikia injini. Mimi nilikuwa ndani ya pamba. Nilishika usukani na kujiambia leo ndiyo leo. Karanga alikuwa amelala. Akainuka, akaja, goti, goti, akatazama kulia. Nikageuza. Hazikupita dakika mbili, ubao mweusi mrefu kama ukuta wa ghala ukapita pale tulipokuwa tunakwenda. Niliona misumari yake. Nilikaa chini nikamkumbatia mbwa wako nikalia, na yeye akanilamba chumvi usoni kama kazi nyingine ya kawaida.

Watu wa bandarini waliotaka kujua kama mbwa mwingine anaweza kufundishwa ni mimi. Ulijibu mwaka mmoja. Sina mwaka. Bila yeye sitoki bandarini, nami sitaki kumwambia mtu yeyote hivyo, hasa kaka yangu, maana atakuja na gari la mizigo anishushe mimi na cherehani yangu.

Lakini mbwa ni wako na nilikupa neno. Tarehe 20 Septemba nitafunga gati ya kwenu. Njoo na kamba yake. Baada ya hapo nitajua la kufanya, mimi si mtoto.

Miezi mitano ulikaa sakafuni kimya ukimfundisha mtoto wa mbwa kusikia kwa niaba ya mtu. Na ulikuwa unadhani unamficha tu. Nimeshona matanga miaka ishirini na sita, sijafanya kazi nzuri kama hiyo.

Shangazi yako


5 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nitakuja tarehe 20. Kamba ninayo.

Nina ombi moja tu. Mwandikie Baba wewe mwenyewe, kabla ya siku hiyo. Sitaki ajue kwa karani, na mimi siwezi kumtazama usoni kila Jumapili huku nimemficha kitu kikubwa hivi. Mbwa niliweza kumficha chini ya kitanda. Wewe siwezi.

Mwanao,
Mnong'ono


12 Septemba

Mnong'ono,

Nimemwandikia. Ilikuwa ngumu kuliko siku ya ukungu. Nadhani utakuwa umemwona ameshapata.

Shangazi


24 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umefika salama na yule mzee wa panya amekupokea vizuri. Mama anakusalimu. Anasema amekasirika kwamba hukumwambia, na pia kwamba samaki uliyeleta alikuwa mtamu, na nisikuandikie la pili kabla ya la kwanza.

Naandika kwa sababu kuna mambo ya siku ile ambayo hukuyaona. Ulikuwa umetugeuzia mgongo.

Kwanza, barua yako Baba aliisoma jikoni akiwa amesimama. Siku ya nne akasema, "Atashuka. Mashua iuzwe." Ule mfuko mkubwa mtupu aliokuja nao haukuwa wa kukubebea zawadi. Ulikuwa wa nguo zako. Na mimi, Shangazi, mpaka tunaingia getini na kamba mkononi, nilikuwa sijaamua kitu. Ulipotukumbatia ulidhani nimekuja na moyo mweupe. Nilikuwa nimeshasafisha chumba.

Karanga aliponiona unajua alivyofanya, karibu aivunje ngazi ya gati. Baada ya hapo alikuja akaweka kichwa juu ya miguu yangu na hakutaka nisogee. Wewe ukakaa kwenye kigingi cha chuma cha kufungia mashua, umegeukia bahari, unashona ule mshikio wa mfuko wa Baba uliochanika bila kujua ni wa nini. Hapo Baba akaninong'oneza, "Sasa nionyeshe huyo mbwa wa ajabu." Akaondoka mpaka mwisho wa gati, akavua viatu, akaanza kunyata kuja nyuma yako.

Ile unayoikumbuka wewe ni mara ya pili. Kulikuwa na mara ya kwanza.

Mara ya kwanza Karanga aliinua masikio, akainuka, akaja kwangu. Kwangu, Shangazi. Goti, goti, akatazama kwa Baba. Baba akafika nyuma yako karibu kabisa, angeweza kukugusa bega. Wewe unashona tu, unavuta uzi. Baba akanitazama juu ya kichwa chako. Nilimsoma midomo kama unavyonisoma mimi: "Unaona?"

Niliona. Niliona pia kitu kingine. Karanga alikuwa ananitazama mimi, halafu wewe, halafu mimi, kama mtumishi aliyekuta mabwana wawili chumbani. Akiwa na mimi ataniambia mimi. Na kule nyuma ya duka la dobi ataniambia nini? Kwamba kuna mtu ameleta mashuka.

Nikamwambia Baba arudie. Ile kamba iliyokuwa mkononi nikaiweka chini, nikatembea hatua ishirini mpaka kwenye mapipa. Karanga alitaka kunifuata, nikamwambia kaa. Kilikuwa kitu kigumu kuliko kuongea na karani. Baba akanyata tena. Karanga akanitazama mimi kule mbali. Sikumtazama. Nilitazama pipa.

Nilisikia sauti yako tu: "Kaka, unanyata kama mwizi wa kuku. Na soksi zako zimetoboka."

Hapo nikageuka. Baba alirudia mara tatu zaidi, hata kwa kupita nyuma ya kontena, na mara zote ulimkamata. Mara ya mwisho alikaa chini palepale na soksi zake. Akaniita kwa sauti kubwa, "Huyu mbwa ulimfundisha chini ya kitanda changu?" Nikamjibu kwa sauti kubwa vilevile, "Chini ya changu, Baba!" Watu wa gati wote waligeuka. Hata wewe uligeuka, ukacheka, na nikajua Karanga amekuambia.

Umeniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nakujibu hapa kwa maandishi. Karanga bado ni wangu. Yuko kazini kwako. Kila miezi mitatu utafunga gati ya kwetu siku mbili, nimpime kama hajasahau. Na mtafute mbwa mdogo bandari yoyote, mwenye masikio mazuri, uniletee. Nitakaa naye sakafuni. Pasi Moto amekubali, ila ameongeza kwamba huyu wa pili naye asikanyage nguo.

Jambo la mwisho. Mlipoondoka ulikuwa umesimama kwenye usukani unatazama mbele, kama inavyotakiwa. Karanga alikuwa nyuma kabisa, pua kwenye wavu, ananitazama. Alikuwa anatetemeka. Mdomo ulikuwa unafunguka na kufunga, na nilidhani baada ya muda wote huo leo atabweka. Nikafungua mdomo na mimi. Jina lake lilikuwa limefika hapa kooni, na sasa najua kwamba sauti yangu ingefika.

Ndipo kivuko kikatoka nyuma ya ghala upande wako wa kushoto na kupiga honi. Wewe hukugeuka. Masikio ya Karanga yakasimama. Akanitazama tena, mara moja, nadhani kuniuliza. Nilifunga mdomo.

Akaniacha, akaenda gotini mwako. Nikauona mkono wako ukisukuma usukani, na mashua ikakipisha kivuko.

Baba alipumua kama aliyekuwa amezuia pumzi tangu asubuhi. Akasema, "Haya. Amemwambia." Kisha akauokota ule mfuko mtupu, akaukunja vizuri, akauweka kwapani.

Mwanao anayekupenda,
Mnong'ono